Listi ya 214,000: kwani mtoto ni ghali wapi?

Desemba nilikuwa Kisumu kwa binamu yangu pale Kondele. Yeye na mkewe wako mwaka wa tatu wa ndoa, na unajua watu wetu, mahali kuna ndoa ya miaka tatu bila mtoto lazima kuna mzee ashauliza. Mimi sikuuliza. Yeye mwenyewe ndio alitoa simu baada ya chakula akanipea akaniambia braza, hebu soma hii kitu halafu uniambie kama mimi ni mwoga ama nina akili. Ilikuwa listi. Hospitali ya kibinafsi 85,000. Bebi shawa 30,000. Picha za kumbukumbu, za tumbo la mimba na za mtoto mchanga, 15,000. Kigari na kitanda cha mtoto 42,000. Rangi ya chumba na vitu vya chumba 27,000. Nguo 15,000. Chini kabisa ameandika jumla, 214,000, na ameipigia mstari mara mbili. Hapo mtoto hajalia hata mara moja.

Sikumjibu hiyo jioni. Nilirudi Nakuru nikiwa nimekaa dirishani kwa matatu na hiyo listi haikunitoka, mpaka wakati tunateremka kuingia mjini bado naifikiria. Kwa sababu majibu ya haraka yako mengi. Wazee watakwambia hawa vijana wanapenda raha tu, kila mtoto anakuja na sahani yake. Vijana nao watakwambia uchumi umeharibika, unga, nyumba, mafuta, nani atazaa hali iko hivi. Mimi naona pande zote mbili zimeshika ukweli nusu. Mtoto ni ghali, hiyo sitabishana na mtu, nina watatu. Lakini vile tunahesabu hiyo ghali ndio shida, tunaweka pesa yote mahali ambapo mtoto hayuko, halafu siku anafika mahali anahitaji pesa kweli tunampokea na mikono mitupu.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo.

Kifungua mimba wetu alizaliwa 2010, tukikaa Kaptembwa hapa Nakuru. Mke wangu ni mtu wa kuandika, kila shilingi ikitoka inaingia kwa daftari, na hiyo daftari ya 2010 na 2011 bado iko. Nilipofika kutoka Kisumu niliitoa nikakaa nayo. Kigari cha mtoto, 11,500. Mtu anayejua Kaptembwa ya wakati huo anajua njia zake, mawe na matope, ule mfereji unakatiza mbele ya mlango. Kigari kilitoka nje mara nne hivi halafu kikawa pahali pa kurundika nguo za kufua. Bethidei ya kwanza, 2011, tulifanyia hotelini, watu kama 40, mbuzi wawili, keki ya ghorofa mbili, mtu wa picha, mtu wa muziki, 38,000. Mtoto alilala kabla keki ikatwe, picha zote amebebwa amelala begani kwa shangazi yake. Hizo mbili peke yake ni 49,500, na mshahara wangu wakati huo haukuwa unafika 25,000.

Sasa kuja Januari 2026. Huyo huyo mtoto ni wa lile kundi la kwanza la mtaala wa CBC, wale walikuwa Gredi ya 3 mtaala ulipoanza kutumika nchi nzima 2019, na mwaka huo wa 2026 wakawa wa kwanza kuingia Gredi ya 10. Akaitwa shule ya bweni. Karo ya bweni kwa shule za kitaifa imekuwa ikipangwa na serikali 53,554 kwa mwaka, lakini mzazi yeyote ameshawahi kupeleka mtoto bweni anajua karo ni mlango tu, ukishafungua unakutana na sanduku, godoro, blanketi, sare, sweta mbili, viatu, vitabu, nauli ya watu wawili kwenda na mmoja kurudi. Sisi tulihitaji 61,000 ndani ya wiki mbili ili aingie. Kwa akaunti tulikuwa na 14,000. Chama ikatukopesha 20,000, kaka yangu akatuma 10,000, na 17,000 iliyobaki ikatoka kwa mkopo wa simu ambao tulimaliza kuulipa juzi tu, na ile riba yake sitaki hata kuitaja kwa sababu inaniuma.

Nilifungua ule ukurasa wa 49,500 nikauangalia sana. Kijana wangu hakumbuki keki. Hakumbuki kigari. Anachokumbuka, na ataendelea kukumbuka, ni vile aliripoti siku nne baada ya wenzake wote.

Nieleweke hapa, sijasema watu wasifurahie mtoto. Kwetu Vihiga mtoto akizaliwa kuna furaha kubwa na imekuwa hivyo tangu zamani. Lakini angalia nani alikuwa anabeba mzigo wa hiyo furaha. Wamama walikuja na kuku, na ndizi, na unga wa wimbi wa uji, na kuni kichwani, mwingine anafika anaingia moja kwa moja jikoni, mwingine anachukua nguo za mtoto anaenda kufua, mama aliyezaa kazi yake ni kukaa na kunyonyesha. Wageni ndio walitoa. Sai ukialikwa bebi shawa unaambiwa nguo ni rangi fulani, unatafuta fundi ama unanunua, unachanga pesa ya tenti na ya mapambo na ya keki na ya picha, na yule mama mwenyewe na bwanake wameongeza zao juu. Pesa imetoka kwa kila mtu, hata kwa wale hawakuwa nayo, na ikiisha siku imeenda kwa mwenye tenti na mwenye kamera. Nyumbani kwa mama pengine kumefika pakiti kadhaa za pampasi na shali tatu zinafanana. Hiyo kitu inanisumbua kuliko bei yenyewe. Watu bado wanatoa, moyo wa kutoa haujakufa, ni vile tu njia imegeuzwa ikawa haimfikii mama.

Halafu kuna hii nyingine hatuzungumzii, kwamba vitu vinavyoshika uhai wa mtoto mdogo karibu vyote ni bure ama ni bei ya chini. Kwa ile daftari yetu, mstari wa kliniki ya chanjo ni nauli peke yake. Chanjo za serikali hazilipiwi. Neti ya mbu mama mjamzito anapewa kliniki huku kwetu kwenye malaria mingi. Chanjo ya malaria yenyewe Kenya iliizindua Septemba 2019 pale Homa Bay, ikaenda kaunti zinazozunguka ziwa, Kisumu, Siaya, Migori, Busia, Bungoma, Vihiga, Kakamega, mtoto anaanza akiwa na miezi 6 na ni dozi nne, hakuna mtu anakuitisha pesa. Ukiuliza daktari ni kitu gani kimoja kinaweza kuokoa mtoto wa Kondele ama wa Luanda kule Vihiga atakwambia ni hizo, na hakuna hata moja iko kwa listi ya binamu yangu, si kwa ubaya, ni kwa sababu kitu cha bure hakiingii kwa bajeti na kisichoingia kwa bajeti tunakisahau. Nimeona familia imenunua kitanda cha 18,000 na dozi ya nne ya malaria hawajawahi kuirudia.

Maziwa pia. Miezi 6 ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani na ndio utaambiwa kliniki yoyote. Kenya tuna sheria ya 2012 inakataza kabisa kutangaza maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Matangazo hakuna, lakini kopo likiwekwa juu ya kabati sebuleni linatangaza lenyewe, jirani analiona, shemeji analiona, na kuna mama ananyonyesha vizuri tu ataanza kujiuliza kama mtoto wake ananyimwa kitu. Mke wangu anauza mitumba ya watoto hapa mjini na hizo ndio hadithi anarudi nazo jioni. Anasema mama anaweza kuja ameshika sweta safi kabisa ya shilingi 80, amependa, halafu anairudisha kwa sababu ako na rafiki wamekuja pamoja. Akirudi peke yake kesho anazinunua tatu.

Sasa mtu atasema basi, tatizo ni maringo tu, wakiacha maringo watazaa. Hapana. Hesabu za nchi hazisemi hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 70 mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa afya wa 1989 ukapata 6.7, wa 2003 ukapata 4.9, wa 2022 ukapata 3.4, na mjini ni 2.8 wakati mashambani ni 3.9. Hiyo safari ilianza kabla mtu yeyote apigwe picha ya tumbo. Wazazi wetu walianza kupunguza watoto kwa sababu shamba liliisha. Vihiga kwa sensa ya 2019 ni zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba, babu yangu alikuwa na ekari nne akagawia wanaume watano, baba yangu alichopata ukisimama katikati unaweza kuongea na majirani wa pande zote bila kupaza sauti. Kwa hivyo mzazi akaangalia akasema urithi uliobaki ni shule, na shule ni pesa, heri nisomeshe wanne kuliko kuzaa wanane wagawane vichaka. Walikuwa wanahesabu gharama pia, tena kwa ukali. Lakini walikuwa wanahesabu miaka 15 mbele. Sisi tunahesabu miezi 15 ya kwanza, na tunaichoka kabla tufike.

Na shule ndio pahali siwezi kumlaumu mzazi. Tangu masomo ya msingi yafanywe bure Januari 2003 watoto walijaa madarasani, hiyo ilikuwa jambo zuri kwa watoto wengi ambao wangebaki nyumbani, lakini madarasa na walimu havikuongezeka kwa hiyo kasi, na mtu akiona mtoto wake ni wa 80 darasani anatafuta akademi hata kama analala njaa. Mtoto wetu wa tatu yuko akademi, 16,000 kwa muhula na gari la shule juu yake. Hiyo siwezi kuiita kujionyesha, ni uoga wa mzazi na uoga huo una sababu. Kinachonikera ni yale mambo yanaambatanishwa, joho la kufuzu kwa mtoto wa chekechea, PP2, ziara ya 3,500, siku ya mavazi ya rangi fulani, na grupu ya wazazi WhatsApp ambapo ujumbe unaingia saa tatu usiku ati kesho kila mtoto aje na 300 ya zawadi ya mwalimu, na kwa sababu watu 31 wameshaandika "imetumwa" wewe wa 32 unatuma hata kama ni ya kukopa. Hakuna mtu amekulazimisha. Lakini mtoto wako atakuwa yule mmoja, na ni nani anataka mtoto wake awe yule mmoja?

Lakini kitu ambacho kilinishtua kwa ile daftari hakikuwa kile kimeandikwa. Ni kile hakijaandikwa. Mtoto wa kwanza mama mkwe wangu alitoka Mbale akaja akakaa nasi miezi minne, akipika, akiosha mtoto, akilala naye ili mke wangu apate usingizi, na hakuna mahali kumeandikwa hata shilingi moja, ingekuwa ni kumlipa tungemlipa na nini? Wa pili, 2017, hakuweza kuja, miguu ilikuwa imeanza kumsumbua na alikuwa ameachiwa wajukuu wengine wawili. Mke wangu alifunga biashara miezi mitano. Aliporudi wateja walikuwa wamezoea kwa mwingine na pahali pake pa kutandika palikuwa pamechukuliwa, akaanza upya kabisa, karibu mwaka mzima ndio akarudi pale alikuwa. Tukaweka dada wa kazi kwa 6,000, hiyo iko kwa daftari, kila mwisho wa mwezi. Lakini ile miezi mitano, na ule mwaka wa kujijenga, hakuna mstari. Ndio ilikuwa gharama kubwa zaidi ya mtoto wa pili na hatukuiandika popote, nadhani kwa sababu hakuna mtu alitoa pesa mfukoni, ni pesa tu haikuingia.

Na hapo ndio nchi yetu imeacha wamama peke yao. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu na mshahara kamili, na baba wiki mbili. Kliniki inamwambia anyonyeshe miezi sita. Hiyo miezi mitatu ya katikati ni ya nani? Na hapo tunaongea juu ya yule ameandikwa kazi rasmi, wengi huku kwetu wanauza, wanasuka, wanalima, wanafagia kwa watu, hao hata hiyo mitatu hawana. Nakumbuka Kakamega kuanzia 2013 walikuwa na mpango wa kumpa mama maskini 12,000 kwa awamu sita za 2,000, akifika kliniki anapewa, akijifungulia hospitali anapewa, akimaliza chanjo anapewa. Watu waliubeza ati ni pesa ya siasa. Lakini mimi naheshimu ile hesabu yake kwa sababu iliweka pesa pale mtoto yuko, mkononi kwa mama, siku ile anahitaji.

Basi Februari nilipita tena Kisumu nikaenda kwa binamu yangu, wakati huu na mke wangu, na ile listi ikatolewa tena, tukakaa wanne mezani. Nilikuwa nimejitayarisha. Nikaanza na hospitali, nikasema SHA iko, ile bima ya afya ya serikali, tangu Oktoba 2024 unakatwa 2.75 kwa 100 ya mshahara kila mwezi, si ufanye kazi na hiyo, 85,000 ni nyingi. Mkewe akaniangalia akasema, "Shemeji, hiyo ya hospitali usiiguse." Akatueleza vile alimpeleka dadake kujifungua kwa hospitali ya umma, wamama wawili kitanda kimoja, dadake akakaa kwenye benchi usiku mzima na uchungu, mtoto akatoka salama lakini yeye aliyekuwa ameshika ule mkono hajawahi kusahau. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeichukulia kama maringo kumbe ni kitu aliona na macho yake. Analipa SHA na bado anaweka akiba ya kuikwepa wodi, maana yake analipa mara mbili, na huwezi kumlaumu aliyeogopa hivyo, lawama iko kwa waliotuachia wodi zikiwa hivyo.

Hospitali ikabaki. Bebi shawa yeye mwenyewe ndio aliikata, akasema ni dada za kanisani walikuwa wanaulizia. Picha zikaenda. Rangi na vitu vya chumba vikaenda, wanakaa nyumba ya kupanga na mwenye nyumba haruhusu rangi hata hivyo. Kigari, 24,000, kikaenda, kitanda cha 18,000 wakakishikilia. Nguo mke wangu akacheka akasema 15,000 ni ya kuvalisha mapacha mara mbili, mtakuja soko la Kibuye Jumapili na mimi, 5,000 na itabaki. Ikawa 108,000. Binamu yangu akaanza kutabasamu.

Ndipo mke wangu akauliza, "Na kazi je?"

Mkewe anakaa kauntala kwa duka la vifaa vya ujenzi, 19,000 kwa mwezi. Yule dada aliyekuwa hapo kabla yake alipoenda kujifungua mwenye duka alimwambia ukienda umeenda. Kwa hivyo hatarajii hata hiyo miezi mitatu ya sheria, na mama yake mzazi alishafariki, mama mkwe yuko mashambani na ng'ombe na wajukuu. Anataka kunyonyesha miezi sita. Akachukua simu kwa mumewe akaandika mstari mpya chini ya nguo, miezi 6 bila mshahara, 114,000. Akajumlisha. 222,000.

Ilikuwa imepanda kwa 8,000.

Hakuna aliyeongea kwa muda. Halafu binamu yangu akauliza wanaweza kuweka ngapi kwa mwezi, kweli kweli, bila kudanganyana, wakabishana kidogo kati ya 10,000 na 15,000, wakakubaliana 12,000, iingie sako siku ya mshahara kabla ya kitu kingine. Miezi 19. Mkewe akahesabu na vidole mpaka akafika mwezi wenyewe, akauandika juu kabisa pale palikuwa pameandikwa "mtoto", akaniuliza karo ya Gredi ya 10 ilikuwa ngapi tena, niirudie polepole, aiweke hiyo pia.